Tumpe heshima yake Nabwana wa Wakaliga, mwamba aliyepiga muvi za vita kwa hela ya mboga

Mwana Mikindani (mwenye uzi):
Wakuu wa Kusini, salaam. Mlioko Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, na nyinyi mliohamia Dar mkaanza kujifanya ming'oko (vile viazi pori vyetu) hamuijui, sogeeni.

Kila mwaka humu ndani lazima atokee mtu aulize kwa nini Mtwara haina muvi zake, na majibu ni yale yale: hatuna mtaji, hatuna kamera, watu wa Dar wanatubania. Leo sibishani na mtu. Nataka kumsifia jamaa mmoja wa Kampala, Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, wengi wanamjua kwa jina la Nabwana IGG. Kwao ni Wakaliga, mtaa wa watu wa chini ambao mvua ikikaza maji yanaingia mpaka chumbani. Huko ndiko kunakoitwa Wakaliwood.

Nabwana kazaliwa 1973, kakulia Uganda ya Amin na vita vilivyofuata. Utotoni sinema alikuwa haingii. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, akirudi anamsimulia: nani kampiga nani, kaanguka vipi, gari limelipukaje. Kwa hiyo kabla hajaona muvi alishazitengeneza kichwani kwa kusikia tu. Mtu mzima akawa anafyatua matofali, hela ya matofali ndiyo ikawa mtaji. Kozi ya kompyuta alisoma kidogo ada ikagoma, kuhariri akajifundisha mwenyewe. 2005 akaanzisha kampuni, Ramon Film Productions. Hiyo Ramon ni bibi zake wawili, Rachel na Monica, kaunganisha.

2010 akatoa Who Killed Captain Alex? Makomandoo wa Uganda wanapambana na genge linaloitwa Tiger Mafia, Kapteni Alex anauawa, ndugu yake Bruce U, mtu wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi. Helikopta zinaruka juu ya Kampala, majengo yanalipuka. Bajeti inatajwa kuwa chini ya dola 200. Na nawaambia kabisa msije mkanilaumu: muvi inaisha na aliyemuua Kapteni Alex hajulikani. Jina la muvi ni swali na muvi haijibu. Mimi napenda sana ujeuri wa namna hii.

Sasa hoja yangu. Wengi wakimtaja Nabwana wanasifia kwamba hakuwa na hela. Kukosa hela si sifa, hata mimi sina. Sifa yake ni kwamba kabla hajawasha kamera alishajua muvi ni ya nani na itauzwaje. Majirani ndio waigizaji, majirani ndio wanunuzi. Enzi za DVD, waigizaji wakishamaliza kuigiza walibeba nakala, wakapita mlango kwa mlango, wengine wamevaa mavazi yale yale ya kwenye muvi, na kwa kila nakala nusu ya hela ilikuwa ya muuzaji. Walikuwa wanakimbizana na siku, maana baada ya wiki hivi maharamia wameshadurufu. Hakuna kusubiri msambazaji wa mjini. Hilo ndilo nataka watu wa Kusini tuliangalie. Karibuni.

Korosho Ghafi:
Nimekaa mbele kabisa na korosho zangu za kukaanga. Endeleeni.

Kibanda Umiza:
Mwenye uzi umenikumbusha mbali. Nimeendesha kibanda umiza Masasi miaka hiyo ya mikanda, televisheni moja ya inchi 21, mabenchi, na gunia dirishani mwanga usiingie. Enzi hizo daraja la Mkapa halipo bado (limefunguliwa 2003), watu wanavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, masika ikishika barabara inakatika. Muvi ambayo Dar wameshaichoka, huku ni mpya kabisa. Mkanda unafika umechakaa, picha inachezacheza, na watu wamejaa mpaka nje.

Nataka niongezee jambo ambalo mwenye uzi kalipita. Muvi za Nabwana zina mtu anaitwa VJ Emmie. Uganda wana hao mavijei, wanakaa kwenye vibanda wanasimulia juu ya muvi ya kizungu kwa Kiganda, wanatia vichekesho vyao. Sisi tulikuwa na Lufufu, msiojua waulizeni kaka zenu. Mtu analipa kiingilio kwa ajili ya Lufufu, siyo kwa ajili ya steringi. Sasa Nabwana alichofanya ni kumchukua msimuliaji wa kibandani na kumweka ndani ya muvi yenyewe. Captain Alex ile inayoonekana duniani ina sauti ya Emmie mwanzo mwisho, anawatania waigizaji, anawashangilia, anawatangazia muvi nyingine katikati ya muvi hii. Mzungu wa Marekani akiangalia peke yake chumbani kwake anakuwa kama amebanana na watu kwenye benchi la Wakaliga.

Sisi wasimuliaji wetu kina Lufufu hatukuwathamini, na mimi sijasikia mtayarishaji wa Bongo Movie aliyefikiria kuwaingiza kwenye kazi yake. Tuliona ni uswahili.

Dada wa Chuno:
Samahani wakuu, mimi nitakuwa mbaya wa uzi.

Nimeiangalia hiyo Captain Alex. Nimecheka, sikatai. Ila niambieni ukweli, wale wazungu mamilioni walioiangalia YouTube wanamcheka nani? Wanacheka na Nabwana au wanamcheka Nabwana? Bunduki za mabomba ya maji, damu inaruka kama bomba limepasuka, helikopta ya mchezo wa kompyuta. Naogopa wanajifurahisha na Mwafrika anayejaribu kuwa Hollywood akashindwa. Na la pili, waigizaji hawalipwi mshahara. Huo ni ushujaa au ni unyonyaji wenye vichekesho?

Mwana Mikindani:
Dada wa Chuno maswali yako ni ya haki.

La kwanza: wapo wanaomcheka, hawawezi kukosekana. Lakini angalia mfuatano. Video ya kuitangaza Captain Alex ilisambaa mtandaoni 2010 bila yeye kumlenga mzungu yeyote, yeye anauza DVD kwa majirani. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, alioneshwa kipande kile, akapanda ndege 2011 kwenda kumtafuta, akaishia kuhamia Wakaliga na kuuawa kwenye muvi za Nabwana mara chungu nzima. 2015 walichangisha mtandaoni hela ya muvi, waliomba dola 160 tu, wakapata zaidi ya dola 13,000. 2016 Bad Black ikaoneshwa kwenye tamasha la Fantastic Fest kule Texas, 2019 Crazy World ikaingia tamasha la Toronto. Mtu unayemcheka hupangi foleni usiku wa manane kumuona. Halafu zile ni vichekesho vya makusudi, dada. Emmie anakuchekesha hapo, hujanaswa kwa bahati mbaya.

La pili, la malipo, nakuachia. Nusu ya kila DVD kwa aliyeiuza siyo mshahara. Ila hata wanaoigiza Dar kuna wanaolipwa nauli na chipsi, na nakala zikiuzwa hawapati hata senti.

Dada wa Chuno:
La kwanza nimeelewa. La pili hujanijibu, umenionesha tu kwamba na wengine wananyonywa.

Mwana Mikindani:
Hapo umenishika.

Lindi Ndogo:
Wana Mtwara mnapenda kusifia mbali. Mnamsifia kama vile yeye ndiye mwanzilishi, mwanzilishi wa nini? Kupiga muvi kwenye mkanda wa video na kuuza moja kwa moja bila ukumbi wa sinema Waghana walianza zamani. William Akuffo alitoa Zinabu mwaka 1987 kwa kamera ya video ya kawaida, wasomi wa filamu wa kwao wakamkejeli, umma ukajaa kuangalia. 1992 Mnigeria Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme na kaseti, akatoa Living in Bondage kwa Kiigbo, na hapo ndipo biashara nzima ya Nollywood ikaota mizizi. Hawa ndio wa kuanzia.

Na nyumbani tuna Mussa Banzi, mnamsahau nini? Nsyuka, Shumileta, zile za majini na mizimu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu walikuwa hawaendi chooni usiku. Bajeti ndogo, vipodozi vya dukani, hofu ya kweli.

Mwana Mikindani:
Lindi Ndogo, Akuffo na Nnebue nawavulia kofia, na Banzi nakubali anastahili uzi wake mwenyewe, anzisha nitakuja. Nabwana hajaanza kabla yao. Nimemchagua kwa kuwa hao wengine walikuwa na soko la mji mzima au nchi nzima. Accra, Lagos, Kariakoo. Nabwana alianza na mtaa. Na sisi tulichonacho ni mtaa.

Fundi Kamera:
Nimepiga harusi, unyago na mahafali Mtwara hii mpaka bega limepinda, kwa hiyo niruhusuni niongee ufundi.

Damu. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe ya machinjioni, mtu akaugua, wakaacha, sasa ni rangi ya chakula. Wanaijaza kwenye kondomu, wanaificha ndani ya shati, wanaifunga mshipi wa kuvulia samaki, mtu akipigwa risasi mwingine anavuta, inapasuka. Mishipi imejaa Shangani na Msangamkuu, hakuna kinachotushinda hapo. Silaha na vifaa anaunda Dauda Bisaso, fundi wao wa vyuma chakavu, mpaka krini ya kupandisha kamera kaiunda. Moto na milipuko ni kompyuta, nyuma wanatundika kitambaa cha kijani. Kompyuta zenyewe Nabwana anaziunga mwenyewe kwa vipuri.

Ila kuna jambo linaniuma kuliko yote. Captain Alex ile asilia haipo. Diski ilijaa, ili apige muvi iliyofuata ikabidi afute ile ya kwanza. Kilichobaki ni nakala ya DVD ya ubora wa chini, na hiyo ndiyo dunia nzima inaangalia. Nikisoma hivyo natetemeka, kwa sababu mimi nina harusi za watu nimezifuta hivyo hivyo nipate nafasi. Kwa hiyo anayetaka kuanza, kabla ya kamera nzuri anunue diski mbili. Ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza.

Na kuhusu msambazaji: miaka kama kumi na kitu iliyopita mimi na wenzangu tulipiga muvi hapa hapa, Chikongola na Mikindani. Tukaipeleka kwa kampuni moja ya Dar. Wakatuambia waigizaji wetu hawana majina, kava halina sura inayojulikana, wakanunua haki zote kwa hela ambayo haikulipa hata mafuta ya jenereta. Muvi ikakaa kabatini kwao, haikutoka. Haki zao, hatuwezi kuigusa. Tungekuwa tumezunguka nayo wenyewe Tandahimba yote ile, walau watu wangeiona.

Korosho Ghafi:
Fundi pole. Hiyo muvi ilikuwa ya nini?

Fundi Kamera:
Mapenzi. Kulikuwa na gari la kuazima na nyumba ya kuazima yenye geti.

Kibanda Umiza:
Hapo ndipo mlipoanguka. Nyumba yenye geti wanazo Dar, wao watawashinda kila siku. Nabwana hakuazima nyumba ya Kololo aonekane tajiri. Kapiga matopeni kwao, na kila mtu Wakaliga akiangalia anaona mlango wake.

Mjukuu wa Mapiko:
Nimesoma kimya kimya, sasa naingia.

Wakuu, Nabwana alitafuta vitu vya kutisha akaunda bunduki. Sisi Wamakonde tumezaliwa navyo. Lipiko, yule mcheza ngoma aliyevaa kinyago (wakiwa wengi ndiyo mapiko), likitoka vumbini na ngoma ikachanganya, hata mtu mzima moyo unaruka, na sura ile kaichonga mtu wa kijijini kwa mti mwepesi, siyo Hollywood. Tuna shetani wa mpingo, majitu ya jicho moja, yenye midomo mpaka kifuani, watalii wanayanunua kuweka sebuleni. Hayo yote ni mazimwi ya muvi yanasubiri kamera. Kwa nini tunaigiza mapenzi ya geti?

Dada wa Chuno:
Hapa nimesimama na wewe. Lakini mapiko yana mwenyewe. Anayecheza hatakiwi kujulikana, na mambo ya jandoni hayatoki nje. Mkimvua mtu sura mbele ya kamera wazee watawafuata.

Mjukuu wa Mapiko:
Kweli kabisa dada. Hatuvui. Ngoma ya hadharani ni ya hadharani, ya porini ibaki porini. Tunachonga sura yetu mpya ambayo haina ukoo, na kabla ya hapo tunakwenda kwa wazee na ada yao, tunawaeleza. Tena ukifikiria, zimwi ambalo hujui ndani yake kuna nani ndilo linalotisha zaidi. Mwandishi mwenye akili atajenga muvi nzima juu ya hapo hapo: kijiji kizima kinajiuliza nani yuko ndani.

Mwana Mikindani:
Na muvi inaisha hatujajua. Nabwana angefurahi.

Mgeni Newala:
Niongee kama mtu wa sheria kidogo. Mkipenda muvi za makomandoo kama Captain Alex, kumbukeni tuko wapi. Ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, vita ipo tangu 2017, na Kitaya ilivamiwa Oktoba 2020, watu wa kule hawajasahau. Kijana akikatiza kichakani na bunduki ya mbao amejifunga kitambaa usoni, hakuna atakayeuliza kamera iko wapi. Serikali ya mtaa ijue, polisi wajue, na kibali cha Bodi ya Filamu kitafutwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ipo na inafanya kazi. Zimwi la Mjukuu ni salama zaidi kuliko komandoo.

Halafu kuuza. Huku kwetu hela ina majira. Msimu wa korosho ukifika, mnada ukapita, chama cha msingi kikalipa, kuanzia Oktoba mpaka Desemba hivi hata kijiji cha mwisho kina hela mkononi, bodaboda mpya zinang'aa. Mkitoa muvi mwezi wa tano watu wanadaiwa na Mangi, nani atanunua? Muvi ya Kusini itoke msimuni, izunguke kwenye magulio, Newala, Kitangari, Nanyamba, Tandahimba, na waigizaji wenyewe wakiwa na lipiko lao.

Lindi Ndogo:
Mmesahau Lindi. Nachingwea na Ruangwa korosho tunazo, na Wamwera tutaigiza vizuri kuliko nyinyi. Nyinyi mtakuwa mazimwi, hamhitaji hata kinyago.

Mjukuu wa Mapiko:
Utani wako nimeupokea, mchango wa muvi utatoa mara mbili.

Korosho Ghafi:
Swali la kizamani: DVD nani anaangalia sasa hivi? Deki nyumbani kwetu kuku analalia.

Fundi Kamera:
Swali zuri. DVD imekufa. Watu wanaangalia kwenye simu, na kila stendi kuna kijana mwenye laptopu anakujazia muvi kwenye flashi au memori kadi. Hao tunawaita wezi, na kisheria ndivyo. Lakini ndio wanaojua kila mteja anapenda nini. Mimi ningewafuata mapema, kabla muvi haijatoka: chukua hii ndani ya mwezi wa kwanza, kila utakayemjazia nusu yako nusu yetu, na jina lako tunaliweka mwishoni mwa muvi na biashara yako tunaitangaza. Si ndiyo ile ile ya Nabwana, nusu kwa nusu? Wapo watakaotudhulumu. Ila bila makubaliano watatudhulumu wote.

Kibanda Umiza:
Na usiku ule ule wa gulio unatundika shuka jeupe, projekta moja, jenereta, kiingilio mia tano. Msimuliaji anasimama na maiki, Kimakonde Newala, Kimwera Nachingwea, Kiyao Masasi vijijini. Muvi moja, kila gulio na ladha yake, na anayejaziwa kwenye simu hawezi kupata ladha hiyo. Kazi ya kusimulia naichukua mimi, nina njaa nayo tangu kibanda changu kifungwe.

Dada wa Chuno:
Kama ni hivyo narudi kwenye swali langu ambalo mlilikimbia. Waigizaji watalipwaje? Andikeni kabisa kwenye karatasi, mgawo wa kila mmoja, kabla mtu hajajipaka unga usoni. Nitakaa mimi kwenye hela, sababu nimewaona nyote humu mnavyopenda steringi na hakuna anayependa hesabu.

Mwana Mikindani:
Dada, hesabu ni zako kuanzia sasa. Ukisoma habari za Wakaliga utamkuta mke wa Nabwana, Harriet, katikati ya kazi nzima, hilo nalo sikuliandika juu na lilistahili.

Basi walioko Mtwara mjini tuonane Jumamosi jioni, wa nje tutawasiliana kwa ujumbe. Fundi aje na kamera na diski zake mbili. Mjukuu aongee na wazee kwanza, bila jibu lao hatuchongi chochote. Mgeni atuandikie barua ya kibali. Kibanda aanze kupasha koo.

Korosho Ghafi:
Na steringi je? Mimi nina pikipiki na najua kuanguka.

Lindi Ndogo:
Kuanguka tu kunatosha. Utakufa dakika ya tatu.

Korosho Ghafi:
Nakubali kufa, lakini nifufuke nusu ya pili. Na nusu yangu ya mauzo iandikwe.

Dada wa Chuno:
Nimeiandika.